Shajara ya kumtengeneza Nahodha

Ijumaa, baada ya alasiri

Nahodha kaanguka. Si mara yake ya kwanza, lakini leo kaanguka kutoka darini, ghorofa mbili, mpaka kichochoroni, na kabla mwenyewe hajashuka ngazi akapita punda wa mchanga. Vichochoro vya Mkomani, mtaa wetu hapa Lamu, kila mtu avijua: punda wawili wenye shehena wakikutana, mmoja hana budi kurudi kinyumenyume. Hakukuwa na pa kumkwepea Nahodha.

Kwa asiyemjua: ni baharia wa plastiki, urefu wake kama kiganja changu, kofia nyeupe, koti la buluu, masharubu meusi yaliyochorwa. Shangazi mtu alimleta kutoka Mombasa. Binti yangu ana miaka sita na hali bila Nahodha mezani.

Hasara niliyoiona. Mkono wa kushoto umekatika begani, mkato mkavu kama wa sahani, na penye mkato pamebakia kishimo, kijipande kimepotea. Mguu wa kulia umechanika pajani. Kofia imemeguka ukingoni, na kipande chake hatukukipata ingawa tulipekua kichochoro kizima na tochi ya simu.

(Naongeza Jumatano: tazama, mkono nimeuandikia "umekatika" na mguu nimeuandikia "umechanika". Mkono wangu uliandika jambo ambalo kichwa kilichukua siku tano kulielewa.)

"Baba, yeo atapona?"

Nikasema Jumapili. Kwa nini nilitaja siku, sijui. Mimi si fundi. Kazi yangu ni kuhesabu magunia kwenye duka la jumla.

Ijumaa, usiku

Nimemwosha. Maji ya vuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki uliokwisha kazi yake. Mchanga uliingia mpaka ndani ya paja, na si mchanga peke yake; ni punda yule. Gundi haishiki juu ya uchafu wala mafuta, hilo hata mimi nalijua.

Shida ni kukauka. Masika haya kanga yakaa kambani siku mbili na bado ina unyevu ukiishika. Nimemtia Nahodha na viungo vyake kwenye kopo la mchele, kama watu wafanyavyo simu iliyotumbukia majini. Mke wangu alipofungua kopo apime mchele wa daku ya Alhamisi ijayo (yeye hufunga Alhamisi) akauliza kama huyu ni wa pilau au wa biriani.

Jumamosi, asubuhi

Nimeanza na mkono kwa kuwa ndio ulioonekana rahisi. Tyubu ya supaglu ya shilingi hamsini. Nilipaka kwa ukarimu, nikabana, nikahesabu mpaka sitini. Ukashika. Nikajipongeza.

Baada ya saa moja bega lote lilikuwa limefanya ukungu mweupe, kama chumvi inayobaki kwenye mwili wa mtu aliyetoka kuoga baharini akajikausha kwa jua. Nimekaa nikasoma. Supaglu haikauki kwa kupoteza maji kama gundi ya karatasi. Kinyume chake, unyevu ndio unaoigandisha. Dawa yenyewe huitwa sayanoakrilati, na mvuke kidogo wa maji uliotanda juu ya kitu unatosha kuifanya chembe zake zishikane minyororo. Mahali penye unyevu mwingi kama hapa kwetu, na gundi ikiwa nyingi, mvuke wa gundi yenyewe hupanda, hugandia hewani na kutua kandokando kama vumbi jeupe. Dawa yake ni kupaka tone dogo, tabaka jembamba kabisa, na kuacha dirisha wazi hewa ipite. Dirisha hilo pia ni kwa ajili ya macho. Mvuke wake unachoma.

Kisa chake nilikipenda. Mwaka 1942, wakati wa vita, Mmarekani Harry Coover alikuwa akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Dawa hii ikamkera kwa sababu iling'ang'ania kila kitu, akaiacha. Mwaka 1951 akiwa Eastman Kodak akakutana nayo tena, na mwenzake akagandisha nayo vioo vya chombo cha maabara, cha bei, visibanduke. Hapo ndipo walipoona kuwa kero yenyewe ndiyo bidhaa. Ikaingia sokoni 1958.

Nilipomaliza kumsimulia binti kisa hiki, alimgonga Nahodha kwenye ukingo wa meza "kumjaribu." Mkono ukaruka mpaka chini ya kabati. Nilikuwa sijui kwamba supaglu hustahimili kuvutwa lakini haipendi kugongwa. Ni ngumu na dhaifu kama kigae.

Jumamosi, jioni. Hii ndiyo siku mbaya

Mguu. Mara tatu nimeupaka, mara tatu nimeubana, na mara tatu umetoka mkononi wenyewe, taratibu, bila hasira, kama mtu anayeaga. Mara ya nne nikakaza sana, gundi ikatoka pembeni, na kidole changu cha shahada kikaganda usoni pa Nahodha. Mguu haukuganda. Kidole kiliganda vizuri sana.

Nikafanya makosa mawili kwa mfululizo. La kwanza: nilichukua pamba nifute gundi iliyomwagika. Pamba ikapata moto. Si kwa kusema. Ilitoa moshi mwembamba na kunichoma kidole cha pili, nikaitupa kwenye beseni. Supaglu ikikutana na nyuzi za pamba huganda kwa ghafla, na kuganda huko hutoa joto kali. Basi msifute kwa pamba, wala msifanye kazi hii mmevaa kikoi mnachokipenda. Changu sasa kina tundu.

La pili: mke wangu akaniletea dawa ya kutolea rangi ya kucha. Ina asetoni, na asetoni hulainisha supaglu, kidole kikatoka. Lakini asetoni haichagui. Iliteremka usoni pa Nahodha, ikachukua masharubu yote, ikaacha shavu limefifia na kunata. Ningalikuwa na subira ningaliloweka kidole kwenye maji ya moto kiasi yenye sabuni; hutoka pia, ila polepole.

Binti alimtazama muda mrefu. Hakulia. Akaenda kulala bila kunipa mkono.

Jumapili

Leo sikumgusa. Nimenuniwa.

Jumatatu

Nimepita dukani kwa vifaa vya ujenzi nikanunua epoksi, ile ya tyubu mbili unazochanganya sawa kwa sawa. Muuzaji aliniuliza naziba bomba gani. Nikasema bomba la inchi tatu.

Epoksi haisubiri unyevu; tyubu moja ndiyo inayoigandisha nyingine. Hii niliyopewa ni ya kungoja siku nzima ikomae, na nilivyoelezwa zile za pole ndizo zenye nguvu zaidi kuliko za dakika tano. Nyingine ni kuwa hujaza uwazi, na bega letu lina kile kishimo.

Safari hii sikutegemea gundi peke yake. Nimenyoosha kibanio cha karatasi, nikakata kipande cha kama sentimita moja. Sindano nikaishika kwa koleo, nikaipasha kwenye moto wa jiko, nikatoboa begani na kwenye mkono, matundu yakielekeana. Hapa ndipo penye kazi: tundu likienda mshazari nywele moja, mkono wote unaenda mshazari kidole kizima. Nilitia alama kwa kupaka tone la wino kwenye bega, nikaugusisha mkono, na wino ukaniandikia upande wa pili pa kutoboa. Hili nalijivunia kidogo. Nikakwaruza nyuso zote mbili kwa msasa, maana epoksi hupenda pa kushikia, nikachanganya kwa njiti ya kiberiti, nikaingiza waya, nikaunganisha.

Swali likawa nani atamshikilia kwa siku nzima. Vibanio vya nguo viliteleza. Mke wangu alikuwa amekanda unga wa mahamri ya asubuhi, nikamega donge, nikamlaza Nahodha humo, mkono umekaa sawa ubavuni. Donge lilimkumbatia vizuri, kama godoro. Nikamweka juu ya kabati, nikalala na roho nyeupe.

Jumanne, alfajiri

Unga wa mahamri una hamira.

Nahodha nimemkuta ameinuliwa na godoro lake, na mkono wa kushoto umepanda juu ya kichwa, umeganda huko, imara kama nguzo. Nimejaribu kuushusha. Epoksi hii ni nzuri sana. Ningeuvunja tena mahali pengine.

Nilimficha mfukoni nikaenda kazini nikifikiri nitasema nini.

Jumanne, usiku

Sikusema kitu. Aliuona mwenyewe akarudi mbio kutoka kwa mama yake: "Aita mashua! Baba, Nahodha aita mashua!" Akamsimamisha, yaani akamwegemeza, dirishani kuelekea bandarini, mkono juu. Kazi ya mkono naiandika imekwisha.

Kishimo cha bega nilikiziba kwa ujanja niliosikia: unamwagia chembe za soda ya kupikia, unadondosha tone la supaglu juu yake, na palepale panakuwa jiwe. Soda hiyo si hamira wala si bekingi pauda, nimejifunza kusoma kopo. Jiwe lile nikalisugua msasa likawa laini. Bega halijapendeza. Limekuwa la mtu aliyebeba mizigo.

Jumatano

Asubuhi kabla ya kufungua duka nimekaa barazani na mguu mkononi. Mzee jirani yetu, aliyevua samaki miaka mingi na sasa anavua habari, akaja akakaa.

"Sabalkheri, ami."

"Sabalkheri, mwanangu. Mguu wa nani huo?"

Nikamwambia. Akauchukua, akautia ukucha, akanionyesha: ukucha umeacha mfuo, kama kwenye mshumaa. Akauomba na mkono. Nikamleta Nahodha mzima. Kwenye mkono ukucha haukuacha kitu. "Hawa si watu wamoja," akasema.

Nikakata unyoya mdogo wa plastiki kutoka pajani na mwingine kutoka ndani ya bega, nikavitia kwenye kikombe cha maji ya kunywa. Wa bega ukazama. Wa paja ukaelea. Nikausukuma chini kwa kidole, ukarudi juu.

Basi hilo ndilo jibu la siku tano. Nahodha ametengenezwa kwa plastiki mbili. Kiwiliwili na mikono ni plastiki ngumu, nadhani ni jamaa ya ABS au polistirini, ambazo ni nzito kuliko maji kidogo tu na hukubali gundi. Miguu ni laini ili ipinde mtoto amketishe, na laini yenyewe, kwa kuelea kule na kwa mfuo ule wa ukucha, ni polietilini. Hiyo ni nyepesi kuliko maji, na uso wake una utelezi kama wa nta; gundi hukaa juu yake kama tone la maji kwenye jani la myugwa. Supaglu haiishiki, epoksi haiishiki. Dada yake polipropilini naye ni hivyohivyo.

Ukitaka kuwajua nyumbani mwako, geuza chombo utazame namba ndani ya pembetatu: 2 na 4 ni polietilini, 5 ni polipropilini, 6 ni polistirini. Dumu letu la maji ni 2. Kopo la mtindi 5. Lakini kilichonichekesha ni tyubu ya supaglu. Ule mdomo wake mrefu wa plastiki nimeuchuna ndani, na gundi iliyogandia humo imetoka nzima kama gamba la changu. Midomo na chupa za supaglu hutengenezwa kwa polietilini kwa sababu hiyohiyo, la sivyo gundi ingejifungia ndani. Siku zote tano jibu lilikuwa kwenye tyubu niliyoishika, nami nilikuwa nikilaumu mikono yangu na masika.

Wako wenye dawa maalumu ya kupaka kwanza kabla ya supaglu ili plastiki hii ikubali. Nimeulizia maduka matatu hapa, hakuna.

Mzee akanywa kahawa yake mpaka mwisho. "Mtepe ulikuwa hauna gundi," akasema, "wala msumari."

Mitepe ilijengwa visiwani kwetu huku, na Wabajuni ndio waliotajika kwayo: mbao zimetobolewa kandokando na kushonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, tanga la mkeka la mraba. Chombo kikigonga mwamba, mshono hulegea kidogo na kurudi, haupasuki. Nimeona mfano wake makumbusho nikiwa mwanafunzi na nikadhani ni kwa sababu msumari ulikuwa haujafika. Mzee akasema msumari ulikuwapo. Ila kitu kinachopindika hukishoni kwa kitu kisichopindika.

Kisha akaingia kwenye habari ya Flipflopi, jahazi la plastiki lililojengwa hapa hapa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake kwa tani 10 za takataka za plastiki, likavishwa ndara kama 30,000 na kushushwa majini mwaka 2018, mwaka uliofuata likafika Zanzibar. Alitaka kunieleza ubao mmoja mmoja. Nikamwomba mshipi wa kuvulia samaki.

Jumatano, usiku. Kushona

Mshipi ni wa milimita nusu hivi, mzee alinikatia pima nzima ingawa nilitaka shubiri moja. Katikati ya mguu nimetia kijiti cha chelewa kutoka kwenye fagio, nimekikata kwa kiwembe kiwe duara, kiingie nusu pajani na nusu nyonga. Hicho ni cha kuzuia mguu usizunguke tu. Kushika si kazi yake.

Halafu matundu, manne juu ya mkato na manne chini. Sindano ikiwa nyekundu huyeyusha plastiki mpaka tundu likawa pango. Nilitoboa moja namna hiyo nikajuta. Ikiwa imepoa kiasi cha kutotoa mwanga inaingia polepole, kama kisu kwenye samli iliyoganda, na kutoka inaacha mdomo mzito kidogo unaoimarisha tundu. Harufu yake ni ya mshumaa uliozimwa. Plastiki ya mkono siku ile ilinuka vibaya zaidi, kali, na ningalikuwa na pua ya kufikiri ningalijua tangu hapo.

Nimepitisha mshipi kutoka ndani kwenda nje, nikavuka mkato, nikaingia tundu la chini, nikarudi kwa mshazari kama nilivyokumbuka ule mfano wa makumbusho. Mshipi wa nailoni fundo lake huteleza. Kwa hiyo sikufunga fundo. Nimeacha ncha ya milimita tatu, nikaisogezea kiberiti, ikajikunja ikawa shanga, nikaibonyeza kwa kijiko kabla haijapoa. Shanga haipiti tundu. Ncha zote nne nimezifanya hivyo. Moja iliwaka moto, nikaipuliza, imebaki nyeusi. Iko upande wa ndani wa paja, haionekani.

Nimeupinda mguu mara ishirini. Mshono unalia kidogo, mguu unarudi.

Alhamisi

Masharubu. Mama yake alijaribu kwa piko iliyosalia ya harusi. Ikajikusanya matone matone na kufutika kwa kidole. Nikaleta kalamu ya maka. Binti akatuzuia sote wawili.

"Kanyoa," akasema. "Kesho Ijumaa."

Ijumaa, baada ya alasiri

Wiki moja kamili. Majaribio: kaangushwa kutoka kitandani mara tatu, mara mbili kwa bahati mbaya. Kaogeshwa kwenye ndoo, bega halikufanya ukungu, mshono haukulegea. Hasimami wima, mguu ulioshonwa ni mfupi kama unene wa shilingi, kwa sababu nilisawazisha mkato zaidi ya nilivyotakiwa. Mzee kamtazama akasema baharia asiyeyumba nchi kavu hajasafiri mbali. Nadhani alikuwa akinistahi.

Shanga za mshipi nimezipapasa moja moja kwa kidole, hakuna iliyo na ncha ya kukwaruza, na hakuna inayovutika nje kwa meno. Hilo nimelijaribu kwa meno yangu.

Mshipi uliobaki nimeuzungushia kijiti nikautia kwenye mkebe wa vifungo. Tyubu ya supaglu imekauka.

Kofia bado. Kipande hakijapatikana, na binti hataki nimzibie kwa soda kama bega. Anasema punda ndiye anayekijua. Basi kila akisikia kwato kichochoroni hutoka mlangoni, akamsubiri punda ainue mguu, akamtazama chini ya ukwato.